Binti wa Sayyid Said na Mfupa wa Ngamia

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wamelisikia jina la Sayyida Salme binti Said, na wengi wao, jina hilo likitajwa, hukumbuka jambo moja tu: yule binti wa Sultani aliyetoroka na Mjerumani. Habari hiyo ni kweli, nami nitaifikia. Lakini leo nataka tumtazame Salme kabla ya Mjerumani, alipokuwa mtoto wa kike asiyejulikana na mtu nje ya kuta za majumba ya babake, ameketi faraghani na mfupa wa bega la ngamia mapajani, akinakili herufi za Msahafu moja baada ya moja.

Alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja, ambalo magofu yake yangalipo ufukweni hadi leo. Babake ni Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Mamake ni Jilfidan, suria wa Kisherkesi aliyeingia katika nyumba hiyo akiwa bado mtoto. Sayyid Said alipofariki baharini mwaka 1856, akirudi kutoka Maskati, aliacha watoto 36 walio hai. Katika nyumba yenye watoto kiasi hicho, mtoto mmoja wa suria akipotea kwa saa moja hakuna amtafutaye. Nadhani hilo lilimfaa sana Salme.

Chuo chao kilikuwa humo humo jumbani. Mwalimu alikuwa bibi mmoja aliyeletwa kutoka Omani, mwenye bakora isiyokaa mbali na mkono wake. Wavulana na wasichana waliketi mkekani pamoja, wakaisoma Kurani na kuihifadhi bila ya kuelezwa maana. Yeyote aliyepita vyuoni mwetu Lamu au Mombasa ataijua picha hiyo bila ya kuchorewa. Mimi mwenyewe nilikuwa na juzuu kadhaa kifuani kabla sijajua kuuliza maji kwa Kiarabu. Baada ya hapo njia za watoto wale zikaachana. Wavulana walipewa kalamu ya mwanzi na wino uliokorogwa nyumbani, na badala ya ubao wakapewa mfupa mpana wa bega la ngamia uliosafishwa hata ukawa mweupe. Wasichana hawakupewa kitu. Wao ilitosha wajue kusoma.

Hapa yafaa tusimame kidogo, maana watu wa siku hizi hudhani kwamba kusoma na kuandika ni kitu kimoja. Kwa wazee wetu havikuwa kimoja hata kidogo. Kusoma ni kupokea: wapokea maneno ya Mola wako, wapokea dua, maulidi na kisa cha Mtume, na vyote hivyo ni heri tupu kwa mtoto wa kike. Kuandika ni kutoa. Anayejua kuandika anaweza kutuma neno likapita mlangoni, likapita ukumbini walipoketi wanaume, likavuka bahari, wala hakuna aliyemwona akiondoka. Mlango waweza kuufunga, buibui waweza kulishona refu, lakini karatasi haivai buibui.

Bibi yangu mzaa mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisoma Kurani kwa sauti ambayo wapita njia wa mtaani kwetu walisimama kuisikiliza. Alikuwa akisoma pia tenzi za hati ya Kiarabu zilizofungwa kwa kitambaa sandukuni mwake. Lakini ilipokuja karatasi ya serikali alitia dole gumba. Siku moja, nikiwa kijana wa shule, nilimuuliza.

"Bibi, hizi herufi wazijua zote. Mbona huziandiki?"

"Mjukuu wangu," akanijibu, wala hakuinua macho kwenye ukili aliokuwa akisuka, "sisi tulikatazwa. Marehemu baba alisema: ukijua kuandika, utamwandikia nani?"

Utamwandikia nani! Katika maneno mawili hayo imo hofu yote ya mababa wa pwani nzima. Hawakuogopa elimu, walimwogopa huyo mtu asiyejulikana atakayepokea barua.

KALAMU YA SIRI

Salme hakuwa mtoto wa kukaa kitako. Alipohamia Beit el Watoro, nyumbani kwa kaka yake Majid, alifundishwa kupanda farasi, kucheza panga na kulenga shabaha kwa bunduki na bastola, na jogoo wa kupiganisha alikuwa nao. Mamake alijaribu kumrudisha kwenye kazi za kike kwa kumtafutia wa kumfundisha kufuma lesi. Ukiyasoma kumbukumbu zake mwenyewe waona wazi kwamba mama alikuwa na shaka juu ya mafunzo hayo ya kaka, ila hakuwa na nguvu ya kuyazuia. Lakini ajabu ni kwamba watu wa jumbani walivumilia bastola. Lililowashinda kuvumilia ni kalamu.

Alianza peke yake, kwa siri. Aliuchukua Msahafu, akaziangalia zile herufi alizozijua kwa macho tangu utotoni, akajaribu kuziiga kwenye mfupa. Mtu aliyewahi kujifunza hati bila ya mwalimu ataijua taabu hiyo. Kuijua sura ya herufi ni jambo moja, na mkono kujua pa kuanzia ni jambo jingine: jimu yaanzia wapi, kalamu ishikwe kwa pembe gani, ainu ya katikati yafungwaje. Msahafu hausemi hayo. Wakuonyesha herufi ilipokwisha kusimama. Salme aliendelea hivyo hivyo mpaka akaona mkono umetii. Kisha, ujasiri ulipomjia, alitaka mwalimu wa kumnyoosha hati. Akamchagua mtumwa mmoja katika wale waliosomeshwa.

Msomaji, litafakari jambo hilo. Katika nyumba ya Sultani wa Unguja, mtumwa alijua kuandika na binti wa Sultani hakujua. Mtumwa alifundishwa kwa sababu bwana wake alihitaji mwandishi wa hesabu za karafuu na barua za biashara. Kalamu ile ilikuwa chombo cha kazi, kama jembe, na mwenye jembe hakuulizwa atalima wapi. Binti alikuwa na nasaba, mali, farasi na vijakazi, ila alipotaka kujua jambo alilolijua mtumwa wake ilimbidi aje kwake kama mwanafunzi, naye mtumwa, bila ya shaka, akitetemeka kwa kuogopa mgongo wake.

Siri ikatoka, kwani nyumba ya watu wengi haina siri. Salme anasimulia kwamba lawama zilimshukia kama mvua, na kwamba hakuzijali sana. Namwamini kwa hilo la pili kuliko wale wanaosema alikuwa akijisifu tu uzeeni. Mtoto aliyevumilia miezi akikwaruza mfupa peke yake, maneno ya shangazi na wake wa kaka yatamtikisa nini?

Lakini wale waliomlaumu hawakuwa wajinga, na tusiwacheke. Walisema msichana mwenye kalamu ataleta fitina. Kwa muda mfupi sana ilionekana kwamba wamesema kweli.

BARGHASH ATAKA MWANDISHI

Baada ya Sayyid Said kufa, ufalme wa Unguja ulishikwa na Majid. Ndugu yake Barghash hakuridhika. Mwaka 1859 Barghash alitengeneza njama ya kumpindua, na dada yao Khole, aliyekuwa kipenzi cha Salme, akawa upande wake. Khole akamvuta Salme, aliyekuwa amefiwa na mamake mwaka huo huo kwa kipindupindu. Njama yahitaji barua kwa masheikh wa makabila, maagizo ya baruti na bunduki, na ahadi kwa huyu na onyo kwa yule. Barua kama hizo humpi mwandishi wa kukodi. Nani katika dada wale angeweza kuziandika ndani, nyuma ya pazia, asionekane na jasusi yeyote? Alikuwapo mmoja tu, naye alikuwa na umri wa miaka 15.

Kwa hiyo Salme akawa katibu wa maasi. Usiku aliandika, na asubuhi barua zikaenda. Nyumba ya Barghash ilipozingirwa na askari, dada zake walimtoa amejifunika nguo za kike, akapita katikati ya askari kama mwanamke miongoni mwa wanawake. Akakimbilia shamba la Marseilles na wafuasi wake. Waingereza wakamsaidia Majid, maasi yakavunjika, watu wengi wakafa, na Barghash akapelekwa Bombay.

Nimekwisha kuwasikia wazee wakikitumia kisa hiki kama hoja: Mwaona? Mkono wa kike ukishika kalamu, damu humwagika! Mimi sikioni hivyo. Barghash angepata mwandishi mwingine. Aliyetaka ufalme ni yeye, wala si kalamu. Salme alikuwa mtoto yatima aliyempenda dada yake, akapewa kazi na wakubwa waliojua wafanyalo. Na tuseme lile ambalo halisemwi: katika nyumba ile, ujuzi wa msichana ulikuwa aibu mpaka siku mwanamume alipouhitaji. Siku hiyo haukuwa tena aibu.

Majid alimsamehe. Salme naye akapatana na kaka yake, na kwa kupatana huko akawakosa Khole na Barghash. Akaishi mashambani, Kizimbani na Bububu, kisha akarudi mjini. Huko ndiko alikojuana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Agosti 1866, hali yake ikiwa haifichiki tena, aliondoka Unguja usiku kwa manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer. Mwezi wa Mei 1867, huko Aden, alibatizwa, akaitwa Emily, akaolewa siku hiyo hiyo.

Najua kwamba hapa wasomaji wangu wengi watakunja uso, nami nakunja pamoja nao. Kuiacha dini ya babake ni msiba, na watu wa pwani hawajausahau. Hesabu yake iko kwa Mola wake. Lakini sikubali hoja ya kuuunganisha msiba huo na ule mfupa wa ngamia. Aliyemtoa Unguja hakumwandikia barua. Alikuwa jirani, na nyumba zao zilitazamana. Ingekuwa nyumba ndiyo yenye makosa, basi tungevunja madirisha yote ya Mji Mkongwe.

Mumewe alikufa mwaka 1870 kwa ajali ya tramu, akamwacha na watoto watatu wadogo katika nchi ya baridi, ambayo lugha yake alikuwa bado akijifunza. Huko kalamu ilimlisha, maana alifundisha Kiarabu ili wapate kula. Kalamu ile ile ilimwezesha kuwaandikia moja kwa moja watu wake wa Unguja, bila ya kumsomea mtu mwingine siri zake, na mwenyewe ameandika kwamba aliibariki mara nyingi saa ile alipoamua kujifunza. Alipoanza kuogopa kwamba atakufa kabla watoto wake hawajajua mama yao ni nani, aliwaandikia maisha yake. Kitabu hicho kilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886.

Katika wale watoto 36 wa Sayyid Said wamo waliotawala Unguja na waliotawala Maskati. Barghash, aliyetawala Unguja tangu 1870 hadi 1888, ndiye aliyejenga Beit el Ajaib. Salme aliporudi kuitazama Unguja mwaka 1885, naye Barghash akiwa sultani, alikataa kumwona. Kaka aliyeandikiwa barua zake na mkono ule akaukataa mkono ule. Lakini leo, ukitaka kujua watoto wa majumba yale waliamka saa ngapi, walikula nini, mama zao waligombana kwa lugha gani, na Sayyid Said aliketi wapi akitazama bahari kwa darubini, huna wa kumwendea ila yule binti aliyekatazwa kuandika.

HUKU LAMU

Yasidhaniwe kwamba pwani nzima ilikuwa kama majumba ya Unguja. Mwaka 1858, yaani mwaka mmoja kabla Salme hajawa katibu wa maasi, Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake wa kumuusia bintiye, Mwana Hashima. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alikuwa amepigana na majeshi ya Sayyid Said, babake Salme, na wanaume hao wawili walikufa mwaka mmoja, 1856. Basi tuna nyumba mbili zilizokuwa maadui, na katika kila moja yumo msichana mbele ya wino.

Utendi wa Mwana Kupona kila mtu wa Lamu aujua, na wengi huutaja kama mfano wa mwanamke mtiifu aliyekaa ndani. Ni kweli wamwelekeza binti kumtii mume. Lakini watu huzipita beti za mwanzo mbio. Mama, akiwa mgonjwa, amwita mtoto wake wa kike, na amwagizacho ni wino na karatasi. Hakumwita kadhi wala mtumwa aliyesomeshwa. Mama yule alikuwa mcha Mungu wa kupigiwa mfano, na hakuona haya kumwona bintiye na wino mkononi. Si kila msichana wa Lamu alikuwa hivyo, la. Bibi yangu ni shahidi. Lakini jambo hilo latosha kutuonyesha kwamba katazo lile lilikuwa ada ya nyumba fulani fulani, na ada ya nyumba haiwi sheria ya dini kwa sababu ya kuzeeka.

Kwani dini yasemaje? Katika Sunan ya Abu Daud imo habari ya Bibi Shifaa binti Abdillahi, aliyekuwa akijua kuandika, na aliyemfundisha kuandika Bibi Hafsa, mke wa Mtume, rehema na amani zimshukie. Mtume alilijua hilo, akalitaja mbele ya Shifaa, wala hakulikataza. Bali alimtaka amfundishe Hafsa na ujuzi mwingine kama alivyomfundisha kuandika. Yako pia maneno yanayozungushwa barazani kwamba wanawake wasifundishwe kuandika bali wafundishwe kusokota uzi. Maneno hayo wanazuoni wakubwa wa hadithi, akiwamo Adh-Dhahabi, wameyahukumu kuwa ya kuzuliwa. Na hapa Mombasa petu, marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, katika gazeti lake la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, aliwahimiza Waislamu wa pwani wasomeshe watoto wao, na wasichana hakuwaacha nje. Alilaumiwa. Leo waliomlaumu hatuwajui majina.

Salme alifariki Ujerumani, mjini Jena, mwaka 1924, akiwa na umri wa miaka 79. Shule ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa Unguja mwaka 1927.

Nimeyakumbuka haya yote kwa sababu ya jirani yangu. Mwezi uliopita, baada ya sala ya Isha, alinisubiri nje ya msikiti, akanishika mkono.

"Sheikh wangu," akasema, "wewe ndiye uliyeniharibia mtoto."

Bintiye amemaliza kidato cha nne, amepita vizuri, na amepata nafasi ya kusomea uandishi wa habari Nairobi. Amenisoma mimi, babake adai, tangu alipokuwa mdogo, na magazeti yangu ya zamani ameyakata vipande akayaweka. Wakati huo huo posa imekuja, kutoka kwa binamu yake afanyaye kazi Dubai. Kijana mzuri, mwenye kusali, na ndugu wote wamekwisha kusema ndiyo. Binti hakugombana na mtu. Alimwandikia babake barua, kurasa tatu, akaiweka chini ya mswala wake.

"Barua nzuri?" nikamuuliza.

"Nzuri! Ndiyo maana sijalala."

Akaitoa mfukoni, nikaisoma chini ya taa ya barabarani. Mkono wake umenyooka. Hamkatai binamu yake. Amesema tu kwamba hajamjua, na kwamba akilazimishwa ataolewa huku moyo wake uko kwingine, na hilo halitakuwa haki kwa kijana wa watu. Amesema ataishi kwa shangazi yake Eastleigh, na amehesabu karo, nauli na chakula kwa mwaka mzima, akaonyesha pesa gani zitatoka wapi. Amemkumbusha babake kwamba alimsomesha mwenyewe Alif-Be-Te kabla hajampeleka chuoni. Hakuna mstari mmoja wa utovu wa adabu katika kurasa zote tatu.

Sikumwambia habari za hadithi wala za masultani. Mtu aliyeshindwa kulala hasomewi makala. Nilimuuliza tu kama mamake msichana ameisoma.

"Mamake hajui kusoma hati hii ya Kizungu," akasema. "Nimemsomea mimi. Nilipofika ukurasa wa pili akaniambia nirudie tangu mwanzo."

Juzi nilimwona tena sokoni Markiti, amebeba samaki. Dubai wamekwisha kupigiwa simu, wakaombwa wasubiri miaka miwili. Kijana amekubali, mamake kijana amenuna. Shangazi wa Eastleigh amekuja mwenyewe kumchukua msichana. Ametaka jambo moja tu, kwamba kila Ijumaa apige simu nyumbani. Babake ameongeza la pili: simu haitoshi, ataka na barua.